Dawa za sonona na maziwa ya mama: sertralini, fluoksetini, amitriptilini, au uache?

Kwenye kemisti za Nairobi akina mama huliuliza swali hili kwa sauti ya chini, wakiangalia nyuma kama kuna anayesikia: hii dawa inaingia kwenye maziwa? Inaingia. Dawa zote za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao wengi huuita depression, huingia kwenye maziwa ya mama, ila kwa viwango tofauti. Na kwa kuwa jibu ni hilo, wengi huishia hapo hapo. Karatasi ya daktari inakunjwa mara nne, inatiwa kwenye mkoba wa nepi, na safari ya kurudi Kayole au Kawangware inaanza bila dawa.

Ulinganisho wa namna hiyo umelemea upande mmoja tangu mwanzo. Huku maziwa yenye chembe za dawa, huku maziwa yasiyo na kitu. Nani atachagua ya kwanza? Lakini mtoto wa anayekataa dawa hapati maziwa hayo peke yake. Anapata pia mama asiyepata usingizi hata yeye mtoto anapolala, anayekaa bila kula hadi saa kumi jioni, anayemtazama akilia asihisi kitu, na ambaye mara nyingi huacha kunyonyesha mapema kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Chukua wodi yoyote ya uzazi yenye vitanda kumi: ni vitanda viwili.

Kwa hiyo nitakalolinganisha hapa ni mama aliyetibiwa na mama asiyetibiwa, kisha dawa moja na nyingine. Uamuzi wenyewe utaufanya wewe na daktari wako.

Kabla ya dawa yoyote

Machozi ya siku ya tatu au ya nne, wakati maziwa yanapojaa, hayahitaji kidonge. Huwapata zaidi ya nusu ya akina mama na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo, au mama akianza kujiona mzigo na kukata tamaa, hiyo ni habari nyingine. Kuna maswali kumi ya Edinburgh ya kupima sonona, yaliyotungwa 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, na yametafsiriwa kwa Kiswahili. Muuguzi akiyajua, dakika kumi zinatosha. Omba pia upimwe damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu baada ya kujifungua humchosha mtu hadi akafanana na mgonjwa wa sonona, na tezi huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi.

Swali moja lisirukwe: umewahi kuwa na siku ambazo hukulala kabisa, na bado ukawa na nguvu kupita kiasi, maneno mengi, matumizi ya fedha yasiyoeleweka? Kama ndiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kukurusha kwenye wazimu wa furaha, na tiba yako ni tofauti. Na mama aliyejifungua akianza kusikia sauti, kuamini mtoto si wake, au kupanga kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo hakuna ulinganisho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Mazungumzo au vidonge

Kwa sonona nyepesi na ya wastani, tiba ya mazungumzo hufanya kazi vizuri na maziwa hayaguswi. Mpango uliojaribiwa vijijini Pakistan, ambao Shirika la Afya Duniani liliuchapisha kama mwongozo mwaka 2015, ulionyesha kwamba hata wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa wanaweza kuwainua akina mama kwa kuwatembelea nyumbani. Kama una nafasi hiyo, na hali yako si kali, anza nayo.

Shida ya Nairobi ni ratiba. Mazungumzo hudai kikao kila wiki, kwa miezi miwili au mitatu. Mama wa mtoto wa wiki tatu, kidonda cha upasuaji bado kinamuuma, apande matatu mbili kutoka Ruai, mtoto kifuani, akae foleni, arudi na msongamano wa jioni: wengi hufika kikao cha kwanza na cha pili, basi. Vikao vya simu husaidia, mradi kuna mahali pa kuzungumzia. Ukikaa chumba kimoja na mama mkwe amekuja kukuangalia, utamwambia nini mshauri?

Na mama mkwe huyo huwa na maoni. "Mama Ryan, hata sisi tulizaa," atasema akikoroga uji. "Kunywa hii, ulale, utakuwa sawa."

"Shosho, uji ninakunywa. Usingizi ndio hauji."

Uji una kazi yake, na shosho anayemchukua mtoto saa nne usiku hadi saa tisa ni tiba kwelikweli, kwa sababu kukosa usingizi huchochea sonona. Ila kwa aliyefika mahali pa kutoweza kuinuka kitandani, kutokula, au kutamani kufa, uji na mazungumzo vinachelewa. Huyo anahitaji dawa, na mazungumzo yafuate akishapata nguvu ya kuongea.

Wapo wanaoficha mawazo ya kujiua kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kuwa na mawazo tu hakukuwa kosa hata kabla ya hapo. Wengine huogopa jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa kuwa mjini hapa limegeuzwa tusi. Ukitaka kuliepuka, Hospitali ya Kenyatta pia ina madaktari wa akili, na daktari wa kawaida aliye makini anaweza kuanzisha matibabu. Lakini kukosa tiba kwa sababu ya jina la hospitali ni hasara ya bure.

Sertralini na fluoksetini

Hizi ndizo mbili utakazosikia zaidi. Sertralini huuzwa pia kwa jina la Zoloft, fluoksetini kwa jina la Prozac, na zote zina matoleo ya bei nafuu. Kwa ugonjwa wenyewe hazipishani sana. Tofauti yake iko kwenye maziwa.

Wataalamu huangalia mtoto anapata dawa kiasi gani kwa kila kilo ya uzito wake, wakilinganisha na kile anachomeza mama kwa kila kilo ya uzito wake. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida dawa huhesabiwa kuwa inakubalika kwa mama anayenyonyesha. Sertralini mara nyingi haifiki hata asilimia 3. Watoto wengi wanaonyonya kwa mama anayeitumia wamepimwa damu, na mara nyingi dawa imekuwa ndogo mno hata mashine haioni. Fluoksetini inaweza kufika asilimia 10 na kuipita, ukihesabu na zao lake, yaani kile inachogeuka ikishavunjwa mwilini.

Zao hilo ndilo lenye mambo. Nusu ya sertralini hutoka mwilini kwa siku moja hivi. Zao la fluoksetini huchukua wiki moja hadi mbili kupungua kwa nusu, tena hiyo ni kwa mtu mzima. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa, kwa hiyo kinachoingia leo hukuta cha juzi hakijatoka. Wapo watoto walioripotiwa kulia sana, kuwa na msokoto wa tumbo, kusinzia au kunyonya kwa uvivu. Ni wachache, na wengi hawaonyeshi lolote, lakini mtoto anapokuwa na siku kumi tu ningependa asibebeshwe hesabu hiyo kama kuna njia nyingine.

Basi mbona fluoksetini huandikwa kila mara? Kwa sababu ipo na ni rahisi kupatikana. Yeye na amitriptilini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Halafu ina sifa ambayo haitajwi vya kutosha: kwa kuwa hutoka polepole, ukikosa kidonge siku mbili kwa sababu famasia ya hospitali imeishiwa, mwili hautikisiki. Sertralini ukiikatiza ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na wasiwasi. Mtu ambaye upatikanaji wa dawa kwake ni wa kubahatisha, na mtoto wake ameshafika miezi minne na anaongezeka uzito vizuri, fluoksetini inaweza kumfaa zaidi. Kwa mtoto mchanga, na mama ambaye hajawahi kutumia dawa yoyote ya sonona, nachagua sertralini bila kusita. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 25 au 50 kwa siku.

Sasa kuna jambo linaloipindua hesabu yote hii: dawa iliyokuponya zamani huishinda dawa iliyo bora kwenye karatasi. Kama ulitumia fluoksetini mimba nzima na umetulia, usibadilishiwe siku ya kujifungua eti kwa sababu sasa unanyonyesha. Mtoto alishaipata kupitia kondo la nyuma, na kwa wingi kuliko atakavyoipata kwenye maziwa. Ukibadilisha, unamwonjesha dawa ya pili na wewe unajiweka kwenye hatari ya kuanguka tena, wakati mbaya kuliko wote. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na mtetemo, wepesi wa kushtuka au kunyonya kwa shida siku chache za kwanza. Mwambie mkunga mapema ulikuwa ukimeza nini, ili wamwangalie kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.

Amitriptilini, na nyingine kwa ufupi

Amitriptilini ni ya zamani, ni ya bei ya chini, na kwenye maziwa huingia kidogo, kama asilimia 1 hadi 3. Ukitazama maziwa tu, inashindana na sertralini. Ubaya wake uko kwa mama. Hukausha mdomo, hufunga choo, na humfanya alale usingizi mzito hadi asubuhi. Katika bedsita yenye kitanda kimoja ambacho baba, mama na mtoto wanagawana, usingizi wa namna hiyo unaweza kumgharimu mtoto uhai. Ukipewa dawa hii, mtoto awe na mahali pake pa kulala, na mtu mwingine awe tayari kuamka.

Kisha ni hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja. Vidonge vya mwezi mmoja vinatosha kuua, jambo ambalo kwa sertralini ni nadra sana. Mama mwenye mawazo ya kujiua asipewe pakiti nzima aende nayo. Apewe za wiki, au ndugu azishike. Na kama kuna mtoto wa miaka miwili nyumbani anayepanda viti, zifungiwe. Tazama pia dozi: miligramu 25 usiku ni dozi ya maumivu ya mgongo na kichwa. Sonona kwa kawaida hudai zaidi, kwa hiyo ukikaa nayo miezi mitatu bila nafuu huenda hukuwahi kutibiwa. Binamu yake, doksepini, iepuke: watoto wanaonyonya wamewahi kulegea na kupumua kwa shida.

Paroksetini huingia kidogo kwenye maziwa kama sertralini, ila ukiiruka siku moja inakuonyesha, na haipendelewi kwa anayetarajia kushika mimba tena karibuni. Sitalopramu na esitalopramu ziko katikati. Ya kwanza imeripotiwa kuwasinzisha baadhi ya watoto. Venlafaksini hupanda zaidi kwenye maziwa na huweza kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo aliyetoka na presha ya ujauzito aiulizie mara mbili. Mirtazapini huongeza hamu ya kula na usingizi, inaweza kumsaidia aliyekonda na asiyelala. Bupropioni si ya kuanzia, kwani kuna taarifa za watoto waliopata degedege. Ile zuranoloni ya siku 14 unayoiona mitandaoni iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Usiahirishe matibabu kuisubiri.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi haitakusaidia kuchagua. Karibu zote husema usitumie ukinyonyesha bila ushauri wa daktari, iwe dawa ni ya asilimia 1 au ya 12, kwa sababu mtengenezaji anajilinda na kesi. Mwulize mfamasia aifungue LactMed, hifadhidata ya serikali ya Marekani isiyolipiwa, na mkae nayo pamoja.

Dawa unazomeza pembeni

Hapa pia madhara ya kweli hutokea, na mara nyingi hakuna anayeuliza. Mama analalamika maziwa ni kidogo, anaandikiwa metoklopramidi, wengi wanaijua kama Plasil. Dawa hiyo yenyewe inaweza kuleta sonona! Aliyewahi kuugua sonona asipewe kwa ajili ya kuongeza maziwa. Domperidoni, nayo ya kuongeza maziwa, haina ubaya huo, ila ikichanganywa na sitalopramu au esitalopramu huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Tramadoli ya maumivu ya upasuaji haiendi vizuri na dawa hizi za sonona, na haimfai mama anayenyonyesha kwa jumla. Diklofenaki au ibuprofeni pamoja na sertralini huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Kwa siku chache, daktari akijua, hupita.

Diazepamu, ambayo watu huinunua kama dawa ya kulala, hukusanyika kwa mtoto mchanga na kumlegeza. Vidonge vya mimea vya St John's wort huonekana salama kwa sababu ni vya mimea, lakini hupunguza nguvu ya dawa za VVU na za kupanga uzazi, na havifai kuunganishwa na sertralini.

Kuacha kunyonyesha ili kumeza dawa

Wengine hushauriwa wamwachishe mtoto kabisa, na ushauri huo mara nyingi hutoka kwa mtu aliyesoma ile karatasi ya boksi tu. Kwa dawa nilizotaja juu, ni nadra kuwa na haja hiyo. Maziwa ya kopo Nairobi si jambo dogo: kopo la gramu 400 huisha kwa siku nne au tano hivi, maji ya mgao yachemshwe, chupa zioshwe kila mara, na hela hiyo hiyo ndiyo ingenunua dawa na chakula cha mama.

Hata hivyo siwezi kumlaumu mama ambaye kunyonyesha kwenyewe ndiko kunakomwangusha: chuchu zimepasuka, kila kunyonya ni kilio, usiku hauna mwanya. Kwake, chupa moja ya usiku inayotolewa na baba, iwe ya maziwa yaliyokamuliwa au ya kopo, inaweza kuleta saa tano za usingizi mfululizo. Mwenye VVU azungumze na kliniki yake kabla ya kuchanganya. Aliyejifungua mtoto njiti aulize daktari wa watoto kabla ya kuanza dawa yoyote, kwa kuwa ini na figo za mtoto huyo ziko nyuma zaidi. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ina benki ya maziwa ya mama tangu 2019, ya kwanza nchini, kwa watoto wachanga wa namna hiyo.

Kukamua na kumwaga maziwa baada ya kumeza sertralini hakuna faida ya maana. Unapoteza maziwa na unajichosha. Ukitaka, meza mara tu baada ya kunyonyesha, kabla ya usingizi mrefu wa mtoto, lakini usivunje ratiba yako kwa hilo. Kwa fluoksetini saa haina maana yoyote, kiwango chake hakishuki mchana wala usiku.

Mizani ndiyo shahidi

Pima mtoto kabla hujaanza, na uandike anavyolala na anavyonyonya, maana ukianza dawa kila kilio utakihesabia dawa. Mtoto hupungua uzito siku za kwanza, hurudisha alichopoteza ifikapo wiki ya pili, kisha huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Baada ya siku ya tano anapaswa kulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tayari ziko kwenye kitabu cha mama na mtoto: sista anamvua nguo, anamvalisha ile suruali ya kamba, anamning'iniza kwenye mizani, anatia nukta. Mwonyeshe pia jina la dawa, aliandike hapo hapo. Nukta zikipanda na mstari, dawa haimzuii kukua. Mtoto asiyeamka kunyonya, anayelegea, au anayelia bila kunyamaza apelekwe kwa daktari siku hiyo. Usiikate dawa mwenyewe njiani.

Kwa upande wako, nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya nne, na dawa huhitaji hadi wiki sita au nane kuonyesha nguvu yake. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu na wasiwasi zaidi kidogo, na hapo ndipo wengi huitupa. Ikiwa wiki ya sita imefika na hakuna mabadiliko, mara nyingi kinachoongezwa kwanza ni dozi, kabla ya kuhamia dawa nyingine. Sertralini huweza kupanda hadi miligramu 200. Ukipona, endelea nayo miezi sita hadi kumi na miwili, kisha daktari aipunguze polepole.